Feruzi Yuko Kwenye Pampu

Mara ya kwanza Zaituni kuuona mkono wake ukifanya kazi kwenye mwili wa mtu mwingine, alicheka mpaka akatafuta pa kushika.

Mtu mwenyewe aliitwa Mashaka, baharia wa sitaha kwenye meli ya Mgebuka, pande la mtu lenye mabega ya kubebea magunia. Alikuwa amepiga goti mbele ya ukuta wa chuma kule chini, akionyesha namna ya kukaza kabari chini ya mhimili wa mbao ili ukuta usibonyee maji yakiusukuma. Kabla ya kuinua nyundo alilamba dole gumba, akalipitisha kwenye ncha ya kabari, akanong'ona, "Haya, bibie, ingia." Ndipo akagonga. Kugonga si ajabu, kila mwenye nyundo hugonga. Lakini kuibembeleza kabari kama bi harusi anayegoma mlangoni ulikuwa upuuzi wa Zaituni peke yake. Alianza nao kazi, akastaafu nao, na hakukumbuka kumfundisha mtu yeyote.

Mashaka alipoinuka, alichechemea mguu wa kushoto.

"Goti limepatwa na nini, mwanangu?"

"Goti ni zima, mama. Linauma nikishika nyundo tu. Nikiiweka chini linapona."

Goti bovu lilikuwa la Zaituni. Aliliumiza miaka mingi nyuma kwenye ngazi za meli ya Kungwe, na sasa lilikuwa limepata makazi mapya kwenye mguu wa kijana ambaye hajawahi kuanguka hata kwenye baiskeli. Ndipo Zaituni alipocheka, na mabaharia wote wakacheka naye, na kwa kitambo kidogo chumba kile cha chini kilikuwa kama sebule ya watu wa ukoo mmoja.

Kwa namna fulani walikuwa ukoo mmoja. Kila mmoja wao alikuwa amevaa kilemba.

Kilemba ndilo jina la mabaharia wenyewe. Maabara iliyokitengeneza ilikipa jina refu ambalo hakuna aliyelitumia. Kilikuwa utepe laini wa kuzungushia kichwa, unalala nao, na asubuhi unaamka umeshapitia siku ambayo si yako. Siku iliyokuwa ndani ya vilemba vyote vya maziwa makuu ilikuwa moja: siku Kungwe ilipotobolewa na mwamba karibu na Karema, na Zaituni, afisa wa usalama, akiwa kwenye mlango wa chumba kilichokuwa kinajaa maji, akaziba, akaegemeza, akakaza, mpaka meli ikafika bandarini na abiria wake wote. Zamani baharia alifunzwa kwenye tangi la maji baridi pale Kigoma, wiki baada ya wiki, vidole vikibanwa na kabari, watu wakitapika, wengine wakiacha kazi na kwenda zao kulima michikichi. Sasa analala usiku mmoja tu. Mikono ya Zaituni inaamka ikiwa mikono yake.

Mwanzoni vilemba vilikuja na kila kitu, pamoja na hofu. Waliovaa wa kwanza waliamka wakipiga kelele. Msichana mmoja alishindwa hata kuoga. Maabara wakamwita Zaituni, wakamwomba ruhusa ya kuisuuza ile siku, hofu itoke na ustadi ubaki. Alikubali bila kujiuliza mara mbili. Hofu ilikuwa yake, ya nini kuwagawia watoto wa watu? Yule mtaalamu, kijana mpole mwenye miwani, alimwonya jambo moja tu. Kumbukumbu iliyopandikizwa ni laini. Baharia akiwa ndani yake, katikati ya hatari, jambo lolote atakaloambiwa kuhusu siku ile litamshika kama rangi inavyoshika nguo mpya, na hakuna sabuni itakayoitoa. "Kwa hiyo, mama, siku hiyo wasiambiwe uongo," alisema, na Zaituni akamwona mtu wa maneno mengi.

Mgebuka ilikuwa imeondoka Kigoma asubuhi ile kuelekea Kasanga, na saruji, madumu ya mawese, na abiria waliojaa sitaha ya juu na kuku wao. Zaituni alikuwa mgeni wa heshima. Kapteni Bukuru, mtu mtaratibu wa kuongea na mwepesi wa kutabasamu, alimwalika aje aone matunda ya kichwa chake. Na baada ya kucheka na Mashaka, Zaituni akaomba aonyeshwe zoezi zima, kengele ilie, watu wakimbie.

"Zoezi la nini, dada?" Bukuru alisema. "Si wamevaa?"

"Nifurahishe tu, mimi mtu mzima."

Kengele ikalia. Walivyokuja ilikuwa raha kuangalia. Hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyeuliza swali, hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Mmoja akashika mhimili, mwingine nyundo, mwingine godoro la kuzibia, wote kwa mikono ileile na kwa utulivu uleule. Zaituni alijiona amezidishwa mara kadhaa. Alijisikia fahari mpaka machozi yakamlenga. Ila kitu fulani kilikosekana, naye hakukijua ni nini, mpaka alipoangalia huku na huku na kuona kwamba wote walikuwa pale. Wote pamoja, mlangoni.

"Nani yuko kwenye pampu?" aliuliza.

"Feruzi," alisema Mashaka, kwa sauti ya mtu anayemtaja kaka yake.

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Wakacheka tena. "Samahani, mama, ulimi umeteleza," alisema. Zaituni naye alicheka, lakini safari hii kicheko hakikufika tumboni.

Feruzi alikuwa mtu wa pampu wa Kungwe. Siku ile ya Karema alikuwa kule juu, nyuma kabisa ya meli, na Zaituni hakumwona hata mara moja. Alimsikia. Pampu ilipoanza kuvuta maji, Feruzi aligonga bomba kwa spana, kong, kong, kong, na mlio ukashuka kwenye chuma mpaka chini, maana yake nipo, nimeshika, wewe endelea. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yao yote. Alikuwa hai mpaka leo, anafuga bata Ujiji. Maabara ilipokuja kuchukua kumbukumbu ya Zaituni, Feruzi aliwaambia wachukue vichwa viwili au wasichukue hata kimoja. Wakamjibu kwamba wa mlangoni anatosha. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Zai," alimwambia Zaituni siku ile, na kwa muda mrefu hawakusemeshana vizuri.

Alipanda juu akamkuta Bukuru kwenye chumba cha usukani. "Nahodha, wagawe. Huyu wa mlango, huyu wa pampu, huyu wa abiria. Kwa majina yao."

"Kila mmoja anajua kila kitu, dada. Ndiyo faida yake."

"Wanajua ninachojua mimi. Mimi sijawahi kuwasha pampu."

Bukuru alimtazama, akaona hatanii. "Sawa. Kesho tukitia nanga Kipili, tutawagawa. Leo tule kwanza."

Wakala. Samaki walikuwa wazuri.

*

Alasiri, ziwa likiwa limetulia na milima ya Mahale ikionekana mbali upande wa mashariki, Mgebuka iligongwa.

Hakikuwa kishindo cha kutisha. Ilikuwa kama mtu aliyegonga mlango kwa kisigino. Jukwaa la paneli za jua, moja ya yale makubwa yanayoelea mbele ya Kalemie, lilikuwa limekata kamba zake na kusafiri peke yake, nusu limezama, na kona yake ya chuma ikaipasua meli chini ya mstari wa maji, karibu na chumba cha betri. Taa zikazima. Mtambo wa meli, ule ubongo unaoendesha kila kitu kuanzia usukani hadi pampu za ndani, ulikata umeme wake wenyewe kabla maji hayajagusa betri na kuwasha moto. Ndivyo ulivyoundwa, nao ulifanya sawasawa. Kilichobaki ni pampu ya dharura tu, kule nyuma juu, yenye injini yake ya dizeli ya kuwashwa kwa mkono.

Bukuru alibaki juu na abiria, akiwavalisha maboya na kuwaambia wakae upande mmoja, kwa sauti ileile ya taratibu. Zaituni alishuka ngazi, goti likimlaumu kila hatua.

Chini kulikuwa na mwanga wa tochi na harufu ya ziwa. Maji yalikuwa yameshafika magotini. Mabaharia wote walikuwa pale, na walikuwa wanafanya kazi nzuri. Godoro lilikuwa limeshabanwa kwenye ufa, mihimili imesimama, kabari zinaingia. Lakini watu wanne walikuwa kwenye kabari moja, wakipokezana nyundo kwa adabu, kila mmoja akilamba dole gumba lake. Hakuna aliyekunja uso. Wengine walikuwa wanatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Ufa ulikuwa umepunguzwa, haukuzibwa. Kwenye chuma kilichopasuka vile huwezi kuziba kabisa. Unapunguza maji yanayoingia, na pampu inatoa yanayobaki. Pasipo pampu, kabari ni kuchelewesha tu.

"Pampu vipi?"

"Imeshika, mama," alisema Shukrani. Huyu alikuwa binti wa chumba cha injini, mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa twende kilioni, na yeye ndiye aliyeisafisha ile pampu ya dharura kila wiki. "Nimesikia bomba."

"Hata mimi nimelisikia," alisema Mashaka. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Na Zaituni, haki ya Mungu, alilisikia. Kong, kong, kong. Lilitoka mahali palepale lilipokuwa likitoka siku zote, nyuma ya sikio la kulia, na moyo wake ukatulia kama mtoto aliyepewa titi. Alikuwa karibu kuinama achukue kabari. Kisha akanyoosha mkono akashika bomba la pampu lililopita ukutani.

Lilikuwa baridi. Halikutetemeka hata kidogo. Bomba linalovuta maji hutetemeka mpaka meno yako yakagongana, na hili lilikuwa limelala.

"Shukrani, nenda kwenye pampu."

"Feruzi yuko, mama."

"Feruzi yuko Ujiji anafuga bata! Nenda!"

"Ndiyo, mama," alisema Shukrani kwa heshima, na hakuondoa mkono wake kwenye mhimili.

Zaituni alimvuta. Ilikuwa kama kuvuta mzizi. Binti alimtazama kwa upole, hata kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. Kichwa chake kilikuwa kimeelewa maneno, ila mikono ilikuwa ya siku nyingine, na siku ile mlangoni hapakuondoka mtu, kwa sababu hapakuwa na haja. Feruzi alikuwepo.

Aende mwenyewe? Zilikuwa ngazi mbili na sitaha nzima iliyojaa watu, kwa goti lile. Na akifika angefanya nini? Miaka yote ile alifanya kazi na mtu wa pampu asijue hata mpini unazungushwa upande gani. Hakuwahi kuhitaji kujua. Aibu ile ilimchoma palepale, katikati ya maji. Kosa alilowaona nalo mabaharia wa Mgebuka lilikuwa lake, wameazimwa tu.

Alijua kitakachowaamsha. Alikuwa amekijua tangu aliposhika bomba, na alikuwa anakizunguka. Hofu. Ile hofu aliyoisuuza yeye mwenyewe kwa mapenzi mema. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sasa abiria wote wale juu walikuwa karibu kulia pamoja naye. Akamkumbuka kijana wa miwani na nguo mpya na rangi isiyotoka. Watu hawa walimpenda Feruzi bila kumwona. Upendo ule alikuwa amewapandikiza yeye, wakiwa usingizini, bila kuwauliza. Sasa awapandikizie na msiba? Msiba wa uongo, usiotoka kwa sabuni, kwa watu ambao hawajamkosea kitu? Mtu ana haki gani ya kumtia mwenzake msibani?

Maji yalipita magoti. Mashaka alilamba dole gumba.

"Sikilizeni," alisema Zaituni. Hakupiga kelele. "Feruzi amekufa."

Nyundo ikasimama hewani.

"Amekufa. Hayuko kwenye pampu. Hakuna mtu kwenye pampu."

Maji yaliimba kwenye ufa. Kisha uso wa Shukrani ukavunjika. Mashaka aliachia nyundo ikazama, akashika kichwa kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Zaituni hata kidogo, ilikuwa yake, nzito, ya Mashaka mwenyewe. Mtu mmoja alipanda ngazi mbio na kwenda kukaa kwenye mashua ya kuokolea, hakushuka tena, wala hakuna aliyemlaumu baadaye. Mwingine aliita jina la mama yake. Hofu ilikuwa imefika, na pamoja nayo macho. Waliangaliana. Waliyaangalia maji. Na Shukrani, machozi yakimtiririka, akasema, "Pampu," akapanda ngazi mbili mbili.

"Wawili wabaki na kabari hii!" Zaituni alisema. "Mashaka, ule mhimili wa kushoto unateleza, ule pale! Wewe, jina lako nani? Haya, Hamimu, mulika tochi hapa."

Walifanya kazi vibaya zaidi kuliko mwanzo. Walijigonga vidole, walitukana, waliulizana. Goti la Mashaka halikuchechemea tena. Maji yalikuwa yanafika mapajani, na Zaituni alikuwa ameweka kiganja chake kwenye bomba na hakukiondoa.

Likatetemeka. Kidogo, kisha sana, mpaka meno yakamgongana. Halafu, kutoka kule juu, mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo isipokuwa kwamba ndivyo inavyofanywa, aligonga bomba kwa spana mara tatu.

Zaituni aliegemea ukuta akalia waziwazi mbele ya watu.

*

Walivutwa na meli nyingine kurudi Kigoma polepole, usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Hakufa hata kuku mmoja.

Hakuna aliyewaambia mabaharia cha kufanya. Asubuhi mpishi alipika uji mwingi bila kuulizwa. Redio ilizimwa. Mkeka ukatandikwa sitahani karibu na pampu, na kila aliyemaliza zamu alikuja kukaa, akanyamaza, akainuka. Abiria mmoja, mama wa Kirando, aliuliza nani kafariki, na alipoambiwa ni Feruzi, alivua kanga yake ya juu akajifunga kiunoni akaingia kusaidia kuosha vyombo, maana msiba ni wa watu wote.

Zaituni aliwakusanya kwenye mkeka uleule.

"Nimewadanganya," alisema. "Feruzi mzima. Nilisema vile ili mwende kwenye pampu. Ni mzima kabisa, nimemwita aje gatini, mtamwona leo."

Mashaka akasema kwa upole, "Tunajua, mama. Ulituambia mapema kwamba yuko Ujiji."

"Sasa mbona mmekaa matanga?"

"Kichwa kimeelewa," alisema Shukrani, macho yamemvimba. "Moyo haujarudi."

Zaituni alitamani wamtukane. Wangemtukana angepumua. Lakini walimkaribisha kwenye mkeka, wakamsogezea uji, kwa kuwa yeye naye alikuwa mfiwa.

Bukuru alimkuta hapo. Alichuchumaa kando yake, kofia mkononi. "Jana ulinitaka niwagawe, nikakuambia kesho," alisema. "Hilo ni langu, nitalisema mwenyewe bandarini. Lakini niambie, dada. Vilemba viko kwenye meli zote, huku, Nyasa, Ukerewe kote. Kila mahali wanamsikia Feruzi akigonga bomba. Wote hao utawaua moyo?"

"Sijui, nahodha."

"Na usipowaambia?"

"Watazama wakitabasamu," alisema Zaituni, na uji ukamshinda.

*

Feruzi alikuwa gatini na kikapu cha mayai ya bata, kofia ya kiua imekaa upande, kama mtu aliyekuja kumpokea shemeji. Mzee mfupi, mkavu, masikio makubwa. Mabaharia walishuka daraja la meli, wakamwona, wakasimama.

Kisha wakamvamia. Mashaka alimkumbatia na kikapu chake. Mayai yakavunjika. Watu wazima walimshika mabega, masikio, mikono, huku wakilia, na Feruzi katikati yao alizungusha macho akimtafuta mtu mmoja anayemfahamu.

"Zai! Hawa nani, na mbona wananililia?"

Zaituni alimweleza palepale, bila kupamba. Feruzi alisikiliza, ute wa mayai ukimtiririka kwenye kanzu.

"Kwa hiyo umeniua."

"Nimekuua."

"Bila hata kuniuliza."

"Hapakuwa na mtu kwenye pampu, Feruzi."

Mzee alifikiri. Alionekana kama atakasirika, na alikuwa na haki. "Mimi niliwaambia vichwa viwili," alisema mwishowe. Akaishia hapo, kwa kuwa alikuwa muungwana, na kwa kuwa Shukrani alikuwa bado ameshika mkono wake.

"Mwanangu, nyamaza. Mimi niko hapa."

"Najua, baba. Nakuona." Alikuwa anambonyeza vidole kimoja kimoja, na machozi hayakukoma. "Nakuona kabisa. Nisamehe. Naendelea kukulilia tu."

Feruzi alimtazama Zaituni, na katika mtazamo ule Zaituni aliona kwamba ameelewa bei yote. Hili halingetoka. Labda lingefifia, kama misiba mingine inavyofifia, lakini binti huyu angezeeka akimkumbuka mtu aliyekufa ambaye hakufa.

"Unaitwa nani?" Feruzi alimwuliza.

"Shukrani, baba."

"Na wewe jitu?" Akawauliza wote, mmoja mmoja, akiyarudia majina ili yamkae. Zaituni aliona haya. Siku nzima na usiku mzima ndani ya meli ile, na kabla ya maji kuingia alikuwa amejua majina mawili tu.

"Basi matanga yavunjwe," alisema Feruzi, akajipangusa ute kwa kiganja. "Na matanga hayavunjwi kwa kukaa. Nahodha, meli yako ina matundu mangapi ya kuingizia maji?"

"Ina tundu moja kubwa, mzee," alisema Bukuru. "Linanitosha."

"Ongeza la pili. Fungua vali ya ngama ya nyuma, maji yaingie tumboni mwa meli. Mmefungwa gatini, chini ni mchanga, hazami mtu. Nataka maji ya kweli."

Bukuru aliangalia meli yake, akamwangalia Zaituni, akavaa kofia yake. "Mashaka kwenye mlango," alisema kwa sauti, akimnyooshea kila mmoja kidole. "Hamimu, mihimili. Shukrani, pampu."

Walishuka. Vali ikafunguliwa, na ziwa likaingia kwenye ngama, kahawia na baridi, likiwapanda miguuni. Mashaka alitukana. Hamimu alimkanyaga mtu. Zaituni na Feruzi walisimama kando ya mlango, bega kwa bega, mahali ambapo hawakuwahi kusimama pamoja maisha yao yote.

"Tutakwenda meli kwa meli," Zaituni alisema chinichini. "Sitakuua tena. Utasimama hapa mlangoni, wakuone kwa macho, maji yakipanda, na pampu ibaki bila mtu mpaka mmoja wao aikimbilie."

"Na goti lako?"

"Nalo litakuja."

Maji yalifika vifundoni, kisha nusu ya muundi. Zaituni alisikia kong, kong, kong, nyuma ya sikio la kulia, wazi kabisa. Hakuliamini. Aliweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa limelala.

"Nani yuko kwenye pampu?" aliuliza kwa sauti.

"Shukrani!" walijibu, na Mashaka akaangalia juu, ana wasiwasi, akaita, "Shukrani! Vipi huko?"

Maji yakapanda. Halafu bomba likashtuka chini ya kiganja chake, likatetemeka, na mlio ukashuka kwenye chuma mara tatu, mzito kidogo kuliko wa zamani, na usiolingana, wa mkono mwingine.

Feruzi aliinua kichwa. Kila siku ya kazi yake alikuwa upande wa pili wa mlio ule.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unanisikia," alisema.